Mzee kaniambia "toa mkono". Niiache ngoma?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, fundi cherehani. Naishi Moshi, Majengo, kwenye nyumba ya kupanga: wapangaji watano, ua mmoja, bomba moja. Kanisani naimba sauti ya pili tangu usichana wangu.

Mwezi wa pili mpigaji ngoma wetu alipata kazi Dodoma akahama na familia. Siku ya mazoezi mwalimu wa kwaya akatuangalia akauliza, "Nani ana mikono hapa?" Mimi nikacheka. Kucheka kwangu akakuhesabu kuwa nimejitolea, na ndivyo nilivyokabidhiwa ngoma. Shangazi, sijawahi kupiga hata ndoo.

Ngoma ya kanisani ni ya gogo, kubwa, ya ngozi ya ng'ombe iliyopigiliwa vijiti pembeni, na umri wake naona unanizidi. Hufungiwa stoo, ufunguo anao mwenyekiti, na kutoka nayo ni marufuku. Basi nilipokwenda Arusha kuchukua vitambaa nikapitia maduka ya vinyago karibu na Mnara wa Saa, ninunue ya kwangu ya kujifunzia. Kijana akanionyesha moja akasema hii ni jembe. Nikamwambia jembe ninalo nyumbani, natafuta ngoma. Kumbe ndilo jina lake! Ina kiuno kama kinu, kamba zimeizunguka, na ubavuni kachongwa twiga. Tulibishana mpaka akashuka hadi elfu themanini.

Tangu hapo nimemaliza bando kwa video. Naangalia wapigaji wa Afrika Magharibi, mikono yao inatoa sauti tatu nne tofauti kama wanaongea. Yangu inatoa pu, pu, pu. Jumamosi najifungia ndani saa mbili nzima, Jumatatu vidole vimevimba hata uzi kuupitisha kwenye sindano ni shida. Mama mwenye nyumba kaja mlangoni kuniambia hapa si kilingeni. Mume wangu anasema ngoma ni mambo ya vilabu vya pombe, tena mwanamke, tena kanisani. Mwalimu wa kwaya naye anasema mdundo wangu unakimbia kama Hiace inayowahi abiria: wimbo tunauanza tukitembea, tunaumaliza tunahema.

Hayo yote ningevumilia. Lililoniumiza ni la Alhamisi iliyopita. Kuna mzee aliyekuwa akipiga ngoma hiyo zamani, kabla ya huyo aliyehama. Bega lilimshinda akaacha, lakini mazoezi haachi kuja, hukaa benchi la nyuma na bakora yake. Siku hiyo katikati ya wimbo akainuka, akaja mpaka niliposimama, akagusa ukingo wa ngoma kwa bakora, akasema, "Binti, toa mkono." Akarudi kukaa. Hakuongeza neno. Watu wakacheka. Mimi nikaacha ngoma, nikamaliza wimbo kwa kupiga makofi, na mvua ile nikatembea nayo mpaka nyumbani ili machozi yasionekane.

Mwisho wa mwezi wa sita Askofu anakuja kutoa kipaimara. Zimebaki wiki saba. Niwaambie watafute mwingine? Na huyo mzee nimemkosea nini?

Sauti ya Pili, Moshi

*

Marahaba mwanangu,

Nimecheka pale ulipolia, unisamehe. Nimecheka kwa sababu neno hilo nililisikia mimi pia, nikiwa binti wa kwaya hapa Arusha, na aliyekuwa akinifundisha hakulisema kwa upole. Kila mkono wangu ulipolala juu ya ngozi alinigonga kifundo kwa mpini wa mwiko. Toa mkono! Toa!

Mzee hajakufukuza. Kakupa somo la kwanza, na kwa maneno mawili. Mwanzoni sote tunafanya kosa moja: tunapiga ngozi kisha tunauacha mkono pale pale, kama mtu anayebandika stempu. Ngozi inataka kutikisika, mkono unaikandamiza, sauti inakufa kabla haijazaliwa. Hiyo ndiyo "pu" yako. Chukua mfuniko wa sufuria, uning'inize kwenye kidole, ugonge kwa kijiko. Ugonge tena, safari hii ukikiacha kijiko kimeugusa. Umeisikia tofauti? Ndicho alichokisikia mzee akiwa benchi la nyuma.

Wewe ni fundi, kwa hiyo mkono wako unalijua jambo hili tayari. Unapotaka kujua kama pasi imepata moto unalowesha kidole, unagusa, tss, kimerudi. Hukukirudisha kwa kufikiri. Piga ngoma hivyo. Mkono uanguke kwa uzito wake, ukifika ngozini urudi wenyewe. Ukiona unatumia bega, umezidisha. Na bega la mzee sijui lilikwishaje, lakini mpigaji anayetumia nguvu kwa miaka mingi huwa ananunua maumivu.

Sasa la pili, ambalo nadhani ndilo linalokuchanganya zaidi bila wewe kujua: unajifunza ngoma moja na kupiga nyingine.

Jembe ni la watu wa Mali, Guinea na majirani zao. Huko ndiko lilikozaliwa, na dunia ililifahamu hasa tangu miaka ya 1950, pale kikundi cha Les Ballets Africains cha Guinea kilipoanza kuzunguka nchi za watu. Ngozi yake ni ya mbuzi, nyembamba, imebanwa kwa pete za chuma na kamba, ikakazwa mpaka inalia kama kengele. Kukaza huko, pamoja na umbo la kinu ulilolitaja, ndiko kunakompa mpigaji sauti tatu kuu: ya chini, ya wazi, na ile kali ya kofi. Ngoma yenu ya kanisani ni ngozi ya ng'ombe, nene, imepigiliwa vijiti, haina kamba ya kukaza. Kofi la jembe hulipati mle hata akipiga mwenyewe wa Guinea. Umekuwa ukitafuta kwa miezi miwili sauti ambayo haimo ndani ya gogo lile. Lile lina sauti mbili za kuaminika, ya chini na ya juu, na kwa kwaya zinatosha.

Ya chini iko katikati ya ngozi. Piga kwa kiganja chote, vidole vimelegea, na utoe mkono. Ya juu iko ukingoni: ile nyama iliyo chini ya vidole ifike kwenye ukingo, vidole vimekaa pamoja vimenyooka, ndivyo viguse ngozi, kiganja kisiguse. Vifundo vikipiga mbao utajua mwenyewe. Kama ngoma yenu iko wazi chini, isisimame wima sakafuni, kwani hapo umeiziba mdomo. Iinamishe kidogo mbele, au iwekwe kwenye kigoda chenye uwazi, sauti ipate pa kutokea. Hata hilo jembe lako ni hivyo hivyo. Ukiwa umeketi, libane kwa mapaja, ulisukume mbele kidogo mpaka ukingo mmoja wa chini unyanyuke. Nakuhakikishia utashtuka.

Na kwa kuwa tumelitaja: ngoma yenye twiga ilichongwa kukaa sebuleni kwa mtalii. Sisemi umeibiwa. Pitisha tu kidole kwenye ukingo. Kwenye ngoma nyingi za vinyago ukingo hauviringishwi, unaachwa mkali, na sehemu ya uvimbe wako nadhani imetoka hapo. Kamba nazo huwa zimefungwa za kutazamwa. Mtafute fundi anayewamba ngoma aivute ile kamba inayobaki chini, aipitishe kwenye kamba za wima mbilimbili mpaka zipishane; ngozi itakaza na utaacha kuipigania. Kabla ya hapo itumie kwa mazoezi ya mkono kurudi, usiidai zaidi.

Nije kwenye Hiace.

Mdundo haukimbii kwa sababu mikono ina haraka. Unakimbia kwa sababu zile nafasi ambazo hazipigwi hazipewi muda wake. Nyimbo zetu nyingi za shangwe, zile za utukufu na za matoleo ambazo kina mama huanza kuyumba kabla mwalimu hajainua mkono, zinatembea kwa sita. Sema kwa sauti, ukikaza herufi kubwa:

BA-ba-na MA-ma-na, BA-ba-na MA-ma-na.

Silabi sita, zote sawa kwa urefu. Tembea nayo: mguu wa kulia kwenye BA, wa kushoto kwenye MA. Usishike ngoma. Tembea kutoka bombani mpaka mlangoni na ndoo yako, watu wakuone umerukwa na akili. Nina uhakika utakuta unaimeza "na". Karibu kila anayeanza huimeza, hasa ile ya mwisho, kwa hamu ya kuirudia BA. Ukiimeza mara moja haionekani. Ukiimeza kwa beti nne, kwaya inahema. Ipe "na" haki yake na Hiace itapunguza mwendo bila wewe kukanyaga breki.

Ukiiweza kwa siku tatu nne, ongeza hii, kwa sita zile zile:

NDI-zi NYA-ma CHU-mvi.

Silabi ni sita bado, ila sasa mikazo ni mitatu. Endelea kutembea kwa BA na MA, halafu piga makofi kwenye NDI, NYA na CHU. Kofi la kwanza linaanguka pamoja na mguu wa kulia. La pili linautangulia kidogo mguu wa kushoto, la tatu linaufuata. Mara ya kwanza miguu itasimama kusikiliza mikono. Usikasirike, rudi kwenye ndizi peke yake, kisha miguu peke yake, kisha ziunganishe. Siku moja, nadhani ukiwa unaosha vyombo, zitakubaliana zenyewe, na utagundua kwamba hicho ndicho kinachowafanya watu wayumbe kanisani: mbili na tatu zinakaa nyumba moja.

Lakini kwa Askofu usiende na ndizi nyama. Sauti ya chini kwenye BA, ya juu kwenye MA, basi. Kila wimbo, mwanzo hadi mwisho, hata pale kinanda kinapopagawa. Manyanga na kayamba wataweka mapambo. Ukijisikia umechoshwa na ule mdundo mmoja, hiyo ni dalili nzuri, na usiongeze kitu. Nimeona misa nyingi zikiharibiwa na mpigaji aliyejifunza pigo jipya Jumamosi usiku. Tena una silaha ambayo wapigaji wengi hawana, unaimba. Imba sauti ya pili kimoyomoyo huku unapiga. Pumzi ikikupungukia kabla ya mwisho wa mstari, wewe ndiye uliyekimbia.

Saa mbili za Jumamosi zifute. Dakika 15 kila siku, na hizo usizipige kwenye ngozi zote. Kanga iliyokunjwa mara nne ukaitandika juu ya ngoma inaua kelele na inakufundisha kutoa mkono vizuri zaidi, maana haikusaidii kuruka. Mapaja yako yanafaa, godoro linafaa. Mama mwenye nyumba mfuate wewe kabla hajakufuata: mwambie ngoma yenyewe ni dakika tano, saa kumi na moja jioni, watu wakiwa wanapika na redio zimefunguliwa. Wenye nyumba wengi huchukizwa zaidi na kutoambiwa.

Viganja kuwa vyekundu na kuwaka kidogo ni kawaida ya mwezi wa kwanza. Kuvimba mpaka Jumatatu si kawaida, ni nguvu nyingi. Viungo vya vidole vikiuma ndani, au mkono ukifa ganzi, pumzika siku kadhaa. Visipoacha, nenda kituo cha afya. Na hili wengi hawalijui: kupiga kwa nguvu kwa muda mrefu kunaweza kupasua chembe nyekundu za damu kwenye viganja, mkojo ukatoka mwekundu au rangi ya chai ya rangi. Ukiona hivyo acha ngoma, kunywa maji, uende hospitali. Usimsubiri mtu akuambie ni kichocho.

Kuhusu mvua. Umeanza katika masika, wakati mbaya kuliko wote wa kuanza ngoma ya ng'ombe. Ngozi hunywa unyevu, hulegea, sauti ikashuka, na ndani ya stoo iliyofungwa ni mbaya zaidi. Huenda nusu ya ile "pu" ya kanisani ni hali ya hewa. Mwombe mwenyekiti ufunguo saa moja kabla ya mazoezi, uitoe nje, uso wake uelekee jua. Mwezi wa sita mvua itakuwa imekwisha lakini Moshi ina asubuhi zake za mawingu na baridi, kwa hiyo siku ya Askofu uwe na jiko la mkaa nyuma ya sakristia. Ishike ngoma mbali na moto, pale kiganja chako kinapoweza kuvumilia bila kukimbia, uizungushe polepole, kila dakika igonge ukingoni usikilize. Sauti itapanda. Ikishalia wazi iondoe, ukizidisha ngozi inachanika. Jembe la mbuzi lililokazwa usilipeleke motoni kabisa, na usiliache ndani ya gari juani.

Mume wako. Anaposema ngoma ni ya vilabuni hajalitunga yeye, amelirithi. Wamisionari wengi waliziweka ngoma nje ya mlango wa kanisa, na ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulioruhusu ala za kila watu ziingie mahali patakatifu zikifaa. Kwa hiyo Askofu hatashangaa. Na kuhusu mwanamke, huyo mpigaji wenu aliyehamia Dodoma huko atakutana na wanawake wa Kigogo wa muheme, ngoma ya asili ya kwao, ambao ngoma wanazibana mapajani na kuzipiga wao, wanaume wakitazama. Zanzibar palikuwa na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, ambaye ngoma za unyago alizipiga mpaka uzeeni. Mweleze mara moja tu. Usibishane naye wiki saba, nguvu hizo unazihitaji kwenye "na".

Aliyebaki ni mzee, na hapa nakuagiza. Alhamisi hii fika mapema, kabla ya wenzako. Msalimie kwa adabu yote, umwambie, "Babu, nimekuja unionyeshe kutoa mkono." Usimweleze kwamba ulilia. Mtu wa namna hiyo hafundishi kwa maelezo, kwa hiyo usimuulize kwa nini. Mwombe aweke kiganja chake juu ya ngozi, au akishindwa kwa sababu ya bega, aweke juu ya mgongo wa mkono wako na kukuinulia kila unapopiga. Utaudhika, utajiona mtoto. Kaa hapo hapo. Bakora yake itakuwa inahesabu sakafuni, na hiyo ndiyo kasi ya kuifuata, si ya mwalimu wa kwaya, ambaye kwa maelezo yako namshuku kidogo kwamba naye hukimbia.

Cheko la wenzako usilibebe. Nusu yao ndio waliotazama chini mwalimu alipouliza nani ana mikono.

Nimesahau pete. Saa na pete vivuliwe kabla ya kugusa ngozi. Pete hukata ngozi ya ngoma na kuponda kidole chako. Ile ya ndoa, siku ya Askofu, mpe mume wako akushikie. Atalazimika kukaa benchi la mbele.

Shangazi